Profesa Chuma na Nailoni Yake

Asiyetaka kusikia na azibe masikio sasa hivi, maana baadaye tutaulizana nani alikuambia. Palikuwa na nchi, na kwa kuwa wenyewe wapo na wanasoma, tutasema tu kwamba iliitwa Zinduani na haipakani na nchi yoyote mnayoijua. Ilikuwa nchi njema. Ilikuwa na mlima, ziwa, bendera ya rangi tano, na kiongozi ambaye cheo chake kamili kilichukua robo saa kusomwa, kwa hiyo watu wenye shughuli zao walimwita Mtukufu Mzinduzi Mkuu.

Kazi ya Mtukufu ilikuwa kuzindua. Kule Zinduani kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka yeye akate utepe wake. Daraja lilijengwa katika mto mmoja, na watu wakaendelea kuvuka kwa miguu miaka mitatu, maji kiunoni, chini ya daraja lenyewe, wakisubiri mkasi. Na kitu kikishazinduliwa kiliingia papo hapo chini ya Sheria ya Kulinda Upya wa Mali ya Umma, iliyosema kuwa ni kosa kwa mtu yeyote kubandua nailoni iliyokuja na kitu cha serikali. Busara yake ilikuwa wazi. Kitu kikivuliwa nailoni kinachakaa, kikichakaa watu watauliza, na maswali huharibu amani. Ndiyo maana wabunge walikaa juu ya viti vya nailoni wakitokwa jasho la uzalendo, na madereva wa serikali walitazama barabara kupitia nailoni ya kioo cha mbele. Ajali zilikuwepo, hatukatai, lakini zote zilikuwa za magari mapya.

Mambo haya hayakumhusu sana Nyamizi Shigela mpaka siku koo lilipomkaba.

Nyamizi alikuwa mnadi wa ng'ombe katika mnada wa Iselamba, mwanamke wa miaka hamsini kasoro miwili. Wanaume watatu walishajaribu kumwondoa kwenye kazi ile na sauti yake ikawashinda wote. Tena alikuwa mtu wa shaka, na kwa mnadi hiyo si tabia mbaya. Alishakutana na ng'ombe waliolambishwa chumvi wakajazwa maji asubuhi ili waonekane wamenona. Alishakutana na fahali aliyepakwa masizi kuficha upele. Kwa hiyo hakunadi mnyama ambaye hajamfungua kinywa, hajamnyanyua mkia na hajamwona akitembea. Inasemekana hata marehemu mumewe, siku ya posa, aliombwa aende mpaka kwenye mkuyu na kurudi.

Basi siku moja akiwa katikati ya kunadi fahali mweusi, sauti ikakatika. Akakohoa, akanywa maji, akaanza upya, ikakatika tena. Tabibu wa zahanati akammulika kwa tochi, akalitazama koo mara mbili.

"Una uvimbe kwenye shina la ulimi, dada," alisema. "Kule nyuma kabisa. Ukiuacha, itaanza kuondoka sauti. Halafu chakula kitakataa kupita. Halafu pumzi."

"Nina muda gani?"

"Usivuke mavuno. Lakini una bahati, nchi yetu ina Profesa Chuma."

Nani asiyemjua Profesa Chuma? Redio ilimtangaza kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa. Alikuwa roboti ya kupasua magonjwa ya kichwa na shingo, mwenye mikono minne myembamba inayopita kinywani mpaka kooni bila kuchana uso wa mtu. Siku alipozinduliwa alitunukiwa uprofesa, siku ya pili kadi ya Chama, siku ya tatu nishani ya ushujaa. Nyamizi alifunga kanga zake mbili kwenye mfuko, akapanda basi kwenda mji mkuu huku akijisemea kwamba mwenye shida hachagui, lakini macho anayo.

Hospitali Kuu ya Taifa ilikuwa na majengo kumi na moja. Mawili tu yalikuwa yamezinduliwa, kwa hiyo wagonjwa wote walirundikwa humo, wanaume kwa wanawake, pazia katikati. Nyamizi akapewa kitanda cha kando ya pazia. Upande wa pili alilala Mzee Chilongani, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye naye alikuwa na uvimbe kooni. Kila akivuta pumzi ilitoka mluzi mdogo. Walisalimiana kwa kupenyeza mikono kwenye pazia, wakazoeana siku hiyo hiyo.

Kanuni ya hospitali ilikuwa kwamba mgonjwa mpya anakwenda kwanza kumsalimia Profesa Chuma. Nyamizi akaongozwa pamoja na wenzake hadi kwenye ukumbi wenye zulia, na nyuma ya kamba nyekundu akamwona. Alitarajia kitu cha kutisha. Alichokiona ni furushi la nailoni. Mikono minne ilikuwa imekunjwa kifuani, kila mmoja umeviringishwa kivyake na kufungwa kwa karatasi ya kiwandani. Akina mama wa Chama walikuwa wamemfumia vitambaa vyeupe vya mabegani vyenye maua pembeni, na kichwani pake wakaweka chombo cha maua ya plastiki. Ukutani palikuwa na kibao: WALIOPONA 41.

Mkurugenzi wa hospitali, Profesa Gombanila, akaingia na skafu shingoni. Mwaka ule viongozi wote wa Zinduani walivaa skafu, jua likiwaka hivyo hivyo, kwa sababu Mtukufu alianza kuvaa skafu. Kwa nini Mtukufu alianza, hakuna aliyeuliza. Na wale walioona kwamba skafu yake ilivimba kidogo upande wa kushoto wa shingo, hawakuona.

"Ndugu wagonjwa," alisema Mkurugenzi, "na ninaposema ndugu natumia neno hilo kwa upana wake. Mko mbele ya mtaalamu asiyelala, asiyekula, asiyegoma na asiyejibizana na wakubwa. Mataifa mengine yana roboti zinazohitaji daktari wa kuziendesha. Hizo ni roboti tegemezi. Sisi tulikwisha kupata uhuru, na roboti yetu imeupata. Inajitosheleza."

Wagonjwa wakapiga makofi, wale wenye mikono inayoinuka.

"Naomba kuuliza," alisema Nyamizi kwa ile sauti yake iliyobaki.

Swali la mwisho katika hospitali ile lilikuwa limeulizwa kabla ya kupakwa rangi.

"Nitamwona lini akifanya kazi?"

"Utakapokuwa umelala usingizi wa dawa, mama."

"Nikiwa nimelala nitamwonaje?"

"Hapo ndipo imani inapoingia," alisema Mkurugenzi, akarekebisha skafu.

Machale yakamcheza Nyamizi. Alikitazama kile kibao, akaitazama mikono. Watu arobaini na mmoja wamepona, na vidole vya aliyewaponya havijawahi kutoka kwenye mfuko. Mtu gani anakula ugali mwaka mzima na mkono wake haujawahi kuguswa na mchuzi?

Jioni akamnong'oneza Mzee Chilongani kupitia pazia. "Mzee, yule hajawahi kushika hata kisu cha kumenyea viazi."

"Taratibu, mwanangu, kuta zina masikio. Na watu wanapona kweli, mimi nimewahesabu."

"Hilo ndilo linalonitia hofu. Wangekuwa hawaponi ningeelewa."

Tangu hapo akawa na kazi moja tu, kuchunguza. Palikuwa na mama mmoja aliyetolewa tezi la shingo wiki iliyopita. Nyamizi akamwomba aone mshono. Ulikuwa mzuri, mdogo, umenyooka, na kila fundo limelalia kushoto. Nyamizi alikulia kwenye kazi ya ngozi. Anajua viatu, anajua mikoba, anajua hata ngoma zilivyowambwa, na fundo la namna ile analijua: limefungwa na mtu wa mkono wa kushoto. Mtu, si mashine. Mashine ina mikono minne, ya nini itumie kushoto?

Akaanza kutazama nani anashika kikombe vipi. Mkurugenzi ni wa kulia. Muuguzi Edda ni wa kulia. Mtoa dawa ya usingizi ni wa kulia, tena anatetemeka. Akabaki mzee mmoja mwembamba wa koti la kijivu, kifuani kaandikwa MFUTA VUMBI DARAJA LA PILI. Mzee huyu alifuta vumbi la Profesa Chuma kila siku saa tatu, na kitambaa kilikuwa mkono wa kushoto. Kucha zake zilikuwa fupi kabisa. Na kabla ya kuingia mle ukumbini alisimama kwenye bomba akanawa kwa sabuni, vidole, viganja, mpaka viwiko, akaacha maji yachuruzike yenyewe, mikono ameiinua juu.

Nyamizi akamngoja mlangoni. "Shikamoo, Daktari."

Kitambaa kikamdondoka mzee. "Marahaba. Umekosea, mama. Mimi ni mfuta vumbi."

"Mfuta vumbi gani ananawa mpaka viwiko?"

Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akamvutia kwenye chumba cha mashuka. Huko ndiko Nyamizi alikoyapata yote. Mzee aliitwa Daktari Lihawa, na shingo alizokuwa amezipasua maishani hata yeye hakukumbuka idadi yake. Serikali ilimpeleka ng'ambo miaka miwili kujifunza kuiendesha mashine ile. Aliporudi, mashine ilishatangazwa kuwa inajitosheleza, na ikaonekana kuwa daktari akisimama pembeni yake atakuwa anaitukana. Wakamstaafisha kwa manufaa ya umma siku ya Jumatatu. Jumanne wagonjwa walipoanza kufa wakamwajiri tena, kama mfuta vumbi.

"Kwa hiyo unapasua kwa mkono," alisema Nyamizi.

"Kwa mkono, pembeni yake, pazia likiwa limefungwa. Anayejua ni Mkurugenzi, Edda na mtu wa usingizi."

"Basi nimepona. Wewe nakuamini, nimeuona mshono wako."

Daktari Lihawa akatikisa kichwa. "Wewe siwezi, mwanangu. Wewe na yule mzee wa mluzi. Shina la ulimi liko nyuma ya kona, mkono wa binadamu haufiki. Nikitaka kufika lazima nikupasue taya katikati. Utaishi, lakini kunadi sahau. Hata kuomba chumvi mezani itakuwa kazi." Akanyoosha kidole kuelekea ukumbini. "Yule pale ndiye anayefika. Anapita kinywani, anakunja kona, anakitoa kitu chote, na sauti inabaki. Ni mashine nzuri mno. Nikiwa kule nilifanya hamsini na tatu. Hapa niko nayo mwaka mzima, naifuta vumbi juu ya nailoni."

Nyamizi akakaa juu ya furushi la mashuka. Siku zote aliogopa kwamba mashine ni ya uongo. Kumbe mashine ni ya kweli, waongo ni hawa wenye skafu. Alijisikia hasira mpaka uvimbe ukamchoma. Ile nailoni, kitu cha kukatwa na wembe wa senti kumi, ndiyo iliyosimama kati yake na sauti yake.

"Nani anaruhusiwa kuitoa?"

"Sheria inasema hakuna," alijibu Daktari. "Na mlinzi ana bunduki."

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alimwita ofisini, akampa karatasi iliyopigwa chapa vizuri. Mtukufu alikuwa anakuja kuadhimisha mwaka mmoja wa Profesa Chuma, na mgonjwa mmoja alitakiwa kutoa shukrani. Nyamizi akasoma: Mimi, mgonjwa wa arobaini na mbili niliyepona.

"Mheshimiwa, mimi sijapasuliwa."

"Taarifa ilishakwenda kwa mpigachapa, mama. Hapa tunaandika matokeo mapema ili kazi isije ikatuangusha."

"Na baada ya sherehe nitapasuliwa?"

Mkurugenzi akamtazama kwa huruma. "Mtu aliyepona anapasuliwa nini? Hilo litakuwa kosa la kitabibu."

Mnaona mtego ulivyokaa. Akiisoma karatasi, atarudi Iselamba amepona kwenye kitabu na uvimbe wake kooni. Akikataa, atakwenda gerezani na uvimbe huo huo. Alirudi kitandani akamweleza Mzee Chilongani, na mzee akapiga hesabu kimyakimya. "Haigawanyiki," alisema mwishowe.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali na skafu zilikuwa mia tatu. Profesa Chuma alitolewa uwanjani kwa magurudumu, vitambaa vyake vimepigwa pasi. Hotuba zikasomwa. Waziri wa Afya alisema shingo ni kiungo muhimu kinachounganisha wananchi na vichwa vyao. Kisha likaitwa jina la Nyamizi. Akapanda jukwaani, akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Mkurugenzi akafumba macho.

"Mtukufu," alianza, sauti inakwaruza lakini inasikika. "Mimi ni mnadi. Kwetu hatununui mbuzi kwenye gunia, na hatumnadi kwenye gunia. Leo nina kitu cha kunadi mbele yako. Utepe umekata, nani asiyejua? Lakini je, yuko kiongozi duniani aliyewahi kuzindua kitu kimoja mara mbili? Nje kwa utepe, na ndani kwa nailoni? Nauliza, yuko nani? Rais wa nchi jirani? Hajawahi. Wafalme wa ng'ambo? Hawajawahi hata kufikiria. Heshima hiyo iko hapa, haina mwenyewe. Naitaja mara ya kwanza. Naitaja mara ya pili."

Nyamizi alimtazama Mtukufu machoni, jinsi anavyomtazama mnunuzi anayejifanya hana haja. Akauona mkono ukisogea. Mtukufu hakuweza kukiona kitu cha kukatwa akakiacha.

"Mtukufu, Sheria ya Kulinda Upya," alinong'ona Waziri.

"Sheria hiyo niliizindua mimi," alisema Mtukufu. Akainuka, mkasi ukaletwa kwenye mto wa mahameli, na mbele ya taifa zima akaikata nailoni kuanzia kichwani mpaka magurudumu. Chombo cha maua kikaanguka. Bendi ikapiga. Akina mama wa Chama wakaokota vitambaa vyao wakilia, na nyuma ya umati mzee wa koti la kijivu aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mtukufu akamsogelea Nyamizi kana kwamba anampongeza, akamwinamia sikioni. "Kitu hiki kinafanya kazi kweli?"

"Mnyama hajulikani mpaka atembee, Mtukufu."

"Basi atembee kwako kwanza," alisema, vidole vyake vikiishika skafu upande wa kushoto. "Kesho."

Kwenye orodha ya kweli, ile ya Daktari Lihawa, jina la Mzee Chilongani lilikuwa mbele. Nyamizi akataka kukataa. Mzee akapenyeza mkono kwenye pazia. "Nenda, mwanangu. Wewe unakula kwa sauti. Hesabu mimi naweza kuandika ubaoni. Ukitoka, nafuata mimi."

"Unafuata wewe, mzee. Nakuahidi."

Asubuhi akiwa mezani, sindano iko tayari, Nyamizi alisema hapana, kwanza atembezwe. Daktari Lihawa akacheka, akaketi kwenye meza ya kuendeshea pale pembeni, akaweka macho kwenye vioo na vidole kwenye pete. Mkono mmoja wa Profesa Chuma ukajikunjua, ukashuka polepole, ukafungua kikoleo chake kidogo, ukachomoa uzi mmoja kwenye pindo la kanga ya Nyamizi, ukamkabidhi. Nyamizi akautazama ule uzi. Akalala ameridhika.

Siku ya sita alijaribu sauti. Alianza chini, kwa woga, akataja namba moja, mbili, tatu, kisha akapandisha kidogo, na sauti ikaja yote, ile ile ya Iselamba, mpaka wagonjwa wa jengo la pili wakauliza nani anauza nini. Alifurahi akalia. Daktari Lihawa naye alilia, wala hakujificha.

Magazeti yalikuja na picha ya mashine: PROFESA CHUMA APONYA PEKE YAKE. Mwandishi alikuwa amemuuliza Nyamizi nani alimpasua, naye, kwa kuogopa kumchongea Daktari, akajibu kwamba alikuwa amelala, na aliyelala haoni mtu. Gazeti likachukua nusu ya pili tu, likaigeuza kwa herufi kubwa: HAPAKUWA NA MTU.

Zamu ya Mzee Chilongani ilikuwa Jumatatu. Jumatatu asubuhi wakaja askari. Wagonjwa wote wakatolewa nje, wakakalishwa kwenye majani, wengine na chupa zao za maji ya dawa mkononi. Kisha magari meusi yakaingia, na Mtukufu akashuka bila skafu. Ndipo Zinduani ilipokiona kile ambacho haikuwa imekiona: uvimbe wa saizi ya chungwa. Watu wote wakatazama viatu vyao.

Amri ilikuwa moja. Asiingie binadamu. Mtukufu alikuwa amepandisha watu wengi vyeo, kwa hiyo hakumwamini hata mmoja wao awe na kisu karibu na shingo yake. Mashine haina kabila, haina shemeji, haina haja na kiti. Akaingia chumba cha upasuaji peke yake, akafunga mlango wa chuma kwa ndani kwa komeo.

Daktari Lihawa alinyanyuka kwenye majani, akaenda mpaka kwa kapteni wa walinzi. "Nipitishe," alisema. "Mwambie Mtukufu afungue. Mimi ndiye ninayeiendesha ile mashine."

Kapteni akasoma kifua chake. "Mfuta vumbi daraja la pili?"

"Mgonjwa ni mgonjwa, kijana wangu. Mle ndani hakuna hata wa kumpa usingizi."

Nyamizi akasimama. Angeweza kunyamaza, na wapo waliomvuta kanga anyamaze. Lakini alimwona Mzee Chilongani akiuvuta ule mluzi wake, akajua kwamba mlango ule usipofunguka kwa Mtukufu hautafunguka kwa mtu mwingine. Akasema kwa sauti yote aliyorudishiwa. Alieleza mafundo ya kushoto, chumba cha mashuka, meza ya kuendeshea, vidole kwenye pete. Alisema ukweli mtupu, na ulisikika mpaka barabarani.

Kapteni akamtazama kwa shaka, jinsi yeye alivyozoea kutazama ng'ombe. Akatoa gazeti mfukoni. "Mama, si wewe uliyesema hapakuwa na mtu? Nani amekutuma leo?" Kisha akamgeukia Mkurugenzi. "Profesa, wewe ndiye mwenye hospitali. Huyu mzee anaiendesha mashine?"

Profesa Gombanila alimtazama Daktari Lihawa, akamtazama Nyamizi. Skafu yake ilikuwa imelowa chapachapa. Alikuwa na nyumba ya serikali, watoto wanne shuleni, na mwaka mzima wa hotuba.

"Inajitosheleza," alisema.

Kwa hiyo wakarudi kwenye majani. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mtukufu ikimwamuru Profesa Chuma aanze. Baada ya muda ilimwamuru tena, kwa cheo chake kamili, robo saa nzima. Kisha ikamwahidi nishani. Mchana redio ya taifa ikatangaza kwamba upasuaji umefanikiwa kwa kiwango cha juu na kwamba Mtukufu amepona, na tangu hapo ikawa vigumu kwake kutoka, maana uvimbe bado alikuwa nao. Kapteni alimweleza hali hiyo kupitia tundu la ufunguo. Mtukufu akajibu kwamba atatoka Profesa Chuma akishatekeleza wajibu wake, na atakayegusa mlango ni mhaini.

Leo ni siku ya nne. Mawaziri wamejengewa hema. Wagonjwa wapo pale pale kwenye majani, na Daktari Lihawa anapita kati yao akiwasikiliza vifua. Mluzi wa Mzee Chilongani umekuwa mwembamba. Nyamizi amempakata kichwa kwenye mapaja yake ili apate hewa, na mzee huwa anahesabu pumzi zake kwa vidole. Leo asubuhi alifika kumi na saba, akapumzika.

"Mwanangu," aliuliza, "unadhani atatoka leo?"

"Atatoka, mzee," alisema Nyamizi kwa sauti safi kabisa. "Halafu unafuata wewe."

Mpaka hapo alikuwa hajamdanganya mtu tangu apasuliwe. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaanza kuhesabu upya.